Tosti ya Kifaransa Iliyojazwa Matunda na Hesabu ya Maji

Tosti ya Kifaransa ni kipande cha mkate uliokwisha kukaa siku moja au mbili, kikalowekwa katika mchanganyiko wa mayai na maziwa, kisha kikakaangwa kwa siagi au samli hadi nje kikashika rangi ya dhahabu na ndani kikabaki laini. Ile inayoitwa tosti iliyojazwa huongezewa hatua moja kabla ya kulowekwa, yaani hutiwa tumboni mwake matunda, mara nyingi pamoja na jibini laini, ama kwa kubandika silesi mbili mfano wa sandwichi, ama kwa kuchimba mfuko ndani ya kipande kimoja kinene. Namna hii ya kujaza imestawi sana Marekani, katika nyumba za kulala wageni na migahawa ipikayo kifungua kinywa cha Jumamosi na Jumapili, siku ambazo mpishi ana saa moja ya ziada na walaji hawana haraka ya kwenda kazini. Hoja ya mazungumzo haya ni kwamba chakula hiki, licha ya sukari na mapambo yake, kwa asili ni hesabu ya maji: mkate hukauka ili upate kunywa, mayai hunywewa ili yapate kuganda, na tunda, ambalo robo tatu au zaidi ya uzito wake ni maji, huingia katikati ya hesabu hiyo likiwa na uwezo wa kuivuruga yote.

Jina lenyewe linahitaji maelezo. Wafaransa hawakiiti chakula hiki kwa jina la nchi yao, bali hukiita pain perdu, maana yake mkate uliopotea, yaani mkate ambao ungetupwa kama asingetokea mtu wa kuukomboa kwa yai na maziwa. Wahispania wana torrijas, ambazo huliwa hasa wakati wa Kwaresima na Juma Kuu, na Wareno wana rabanadas zao za Krismasi. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki silesi iliyochovywa katika yai na kukaangwa huitwa tu mkate wa mayai, ingawa mtu wa Mombasa anaweza kuelewa jambo jingine kabisa kwa jina hilo, kwa kuwa huko mkate wa mayai ni mkate mtamu wa mayai, sukari na unga, unaookwa, ulio jamaa ya keki. Kiswahili kina pia neno kiporo, na pwani neno mwiku, kwa chakula kilicholala kikaliwa asubuhi yake. Kwa kipimo hicho tosti ya Kifaransa ni mwiku uliovishwa nguo ya sikukuu.

Ukale wa chakula hiki hauna shaka. Kitabu cha mapishi cha Kirumi kinachojulikana kwa jina la Apicius, ambacho wataalamu wengi hukadiria kwamba kilikusanywa karibu na karne ya 4 au ya 5, kina maelekezo mafupi ya kuchukua mkate mweupe ulioondolewa ganda, kuumega vipande vikubwa, kuvilowesha katika maziwa, kuvikaanga katika mafuta na kuvimiminia asali. Yai halimo. Jambo hilo linastahili kuangaliwa, kwa sababu linaonyesha kwamba msingi wa chakula hiki ni mkate na maji yake, na yai lilikuja baadaye kuyafunga maji hayo yasikimbie. Jina la Kiingereza nalo lilitangulia yai: Robert May, mpishi Mwingereza aliyechapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1660, ameeleza tosti za Kifaransa ambazo ni mkate uliobanikwa juu ya wavu na kulowekwa katika mvinyo, sukari na maji ya machungwa. Kwa hiyo hadithi inayosimuliwa Marekani, kwamba chakula hiki kilibuniwa na mwenye mgahawa mmoja wa Albany aliyeitwa Joseph French mwaka 1724, haiwezi kusimama, kwa kuwa jina lilikuwa limekwisha kuchapishwa London zaidi ya miaka 60 kabla yake. Mwezi Machi 2003, baada ya Ufaransa kupinga vita vya Iraki, migahawa ya Baraza la Wawakilishi mjini Washington ililiondoa neno Kifaransa na kuandika tosti ya uhuru, na jina la zamani likarudi mwaka 2006, bila mkate wala yai kujua kwamba kulikuwa na ugomvi.

Mkate ndio mwanzo wa ufundi, na hapa pana kosa la kifikra ambalo wapishi wengi hulirithi, yaani kudhani kwamba mkate uliochakaa ni mkate uliopoteza maji tu. Mwanakemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha mwaka 1852 kwamba mkate uliofungiwa pasipo njia ya maji kutoka huwa mgumu vilevile, na kwamba ukipashwa moto hadi kiasi cha nyuzi 60 za Selsiasi hurudia ulaini wake kwa muda. Maelezo yaliyokuja kujulikana baadaye ni kwamba wanga, ambao katika tanuri ulikuwa umevimba kwa maji na kulegea, huanza tena kujipanga safu baada ya safu kadiri mkate unavyopoa, na safu hizo ndizo zinazoufanya mkate uwe mkavu mdomoni hata kama maji yake bado yamo. Kujipanga huko huenda kwa kasi zaidi katika baridi iliyo juu kidogo ya kuganda, ndiyo sababu mkate uliowekwa ndani ya friji huchakaa upesi kuliko ule uliobaki kabatini, ilhali ule uliogandishwa kabisa husimama pale ulipofikia. Mpishi wa tosti anahitaji mambo yote mawili, yaani wanga uliokaza ili kipande kisisambaratike kikilowekwa, na upungufu wa maji ya kweli ili pawe na nafasi ya kunywa mayai na maziwa. La kwanza huletwa na siku mbili za kukaa. La pili hupatikana kwa kukata vipande na kuviacha wazi juu ya wavu usiku kucha, au kwa kuviweka katika tanuri la nyuzi 120 kwa dakika 15, vikigeuzwa mara moja.

Unene wa kipande una historia yake. Tarehe 7 Julai 1928, katika mji wa Chillicothe, jimbo la Missouri, uliuzwa kwa mara ya kwanza mkate uliokwisha kukatwa kwa mashine iliyobuniwa na Otto Rohwedder, na tangu hapo silesi ya kiwandani, yenye unene wa sentimita moja na kitu, imekuwa ndiyo sura ya mkate kwa watu wengi duniani. Silesi hiyo yafaa kwa tosti ya kawaida, lakini kwa iliyojazwa inamlazimu mpishi abandike mbili pamoja, na kingo zake hufunguka kikaangoni zikamwaga matunda yaliyomo, ambayo yakifika kwenye samli ya moto huungua mara moja na kuacha weusi unaoshika kila kipande kinachofuata. Njia bora ni kununua mkate mzima usiokatwa, ambao pwani ya Kenya huitwa boflo, na kukata nyumbani vipande vya sentimita 3 hadi 4, kisha kwa kisu chembamba kupenya upande mmoja wa ganda na kuichezesha ncha ndani kulia na kushoto, mlango ukiwa mdogo na tumbo pana. Mfuko uache sentimita moja ya mkate kila upande. Wamarekani hupendelea kwa kazi hii mkate wa mayai wa Kiyahudi uitwao challah au ule wa Kifaransa uitwao brioche, kwa kuwa mafuta na mayai yaliyomo huulainisha mkate bila kuudhoofisha, lakini mkate wowote mweupe wenye vitundu vidogo na ganda imara hutosha. Wenye vitundu vikubwa huvujisha.

Sasa tunda. Mkate mweupe una maji kiasi cha theluthi moja ya uzito wake au zaidi kidogo. Ndizi ina takriban asilimia 75, embe 83, nanasi na tufaha 86, na stroberi 91. Anayekata stroberi mbichi na kuzinyunyizia sukari kisha akazijaza katika mkate amejipangia hasara, kwa sababu sukari huyavuta maji kutoka ndani ya seli za tunda kwa njia inayoitwa osmosisi, yaani maji kupita katika utando mwembamba kuelekea upande wenye sukari nyingi zaidi, na katika muda wa robo saa chini ya bakuli patakuwa na kidimbwi chekundu. Kidimbwi hicho kikitokea ndani ya mkate, kitaulowesha kutoka ndani wakati mayai yanaulowesha kutoka nje, na kitakachotoka kikaangoni kitakuwa uji uliofungwa katika ngozi ya kahawia. Watu wengi waliokula tosti iliyojazwa wakaapa kutorudia, walikula uji huo.

Dawa ni kuyatoa maji hayo mapema, na kuyatoa kwa moto. Vikombe viwili vya matunda yaliyokatwa vipande vidogo hutiwa katika sufuria pamoja na vijiko viwili vya sukari na kijiko kimoja cha maji ya ndimu, vikachemshwa bila mfuniko kwa dakika nane hadi kumi, hadi kijiko kikipitishwa kwenye sakafu ya sufuria kiache njia isiyojifunga mara moja. Kinachofanyika humo ni kazi ya pektini, ambayo ni gundi ya asili inayoshikamanisha seli za matunda, na ambayo ikikutana na sukari na ukali wa ndimu hutengeneza mtandao unaoyazuia maji yaliyobaki. Tufaha lina pektini ya kutosha. Nanasi na embe bivu hazina nyingi, na huhitaji msaada wa vijiko viwili vya chai vya konflawa, yaani wanga wa mahindi, uliokorogwa katika maji baridi kabla ya kumiminwa sufuriani. Rojo hilo lipoe kabisa. Likijazwa la moto, litayeyusha jibini na kuanza kuulainisha mkate kabla ya wakati wake.

Ndizi haina masharti hayo, na kwa sababu hiyo ndiyo tunda linalostahili kupewa nafasi ya kwanza na mpishi anayejaribu jambo hili kwa mara ya kwanza. Maji yake ni machache kuliko ya matunda mengine ya kawaida, na ikipondwa hushikamana yenyewe; ndizi sukari mbili zilizoiva, zikipondwa kwa uma pamoja na iliki na kungumanga kidogo, ni ujazo uliokamilika bila moto wowote.

Nanasi na papai zina hatari ya pekee. Ndani yake mna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, ambavyo kazi yake hapa ni kukatakata protini nyingine, na wapishi wa pwani wanaoipaka nyama papai bichi ili mishkaki ilainike wanakitumia kimeng'enya cha papai kwa makusudi. Nanasi bichi likichanganywa na jibini laini au mtindi hulifanya rojo kuwa majimaji na lenye uchungu, nao uchungu huo haufichwi na sukari. Dakika chache za kuchemka hukiua kimeng'enya, na nanasi la kopo limekwisha kupitia moto kiwandani, kwa hiyo yote mawili hayana neno.

Jibini laini linalotumika Marekani ni lile jeupe la krimu, ambalo kazi yake, mbali na ladha, ni kuwa ukuta wa mafuta kati ya tunda na mkate, kwa kuwa mafuta huyazuia maji kupenya. Mahali lisipopatikana au linapouzwa kwa bei isiyo na huruma, mtindi mzito uliotundikwa ndani ya kitambaa safi usiku mmoja, maji yake yakadondoka, hufanya kazi ileile kwa uzuri, na pengine kwa ladha bora kwa sababu ya ukali wake. Hupakwa kwanza ndani ya mfuko pande zote mbili, kisha rojo la matunda likawekwa katikati, vijiko viwili na si zaidi.

Mchanganyiko wa kulowekea hauhitaji maneno mengi. Kwa vipande vinne vinene, mayai manne hupigwa pamoja na mililita 250 za maziwa, kijiko kimoja cha sukari, chembe ya chumvi, na mdalasini au iliki kwa kadiri ya hiari. Wengi huongeza maziwa wakidhani wanaongeza ulaini, kumbe wanaongeza maji ambayo mayai hayana nguvu ya kuyafunga. Ute wa yai tupu huanza kushika karibu na nyuzi 62, lakini maziwa na sukari huzitenga protini za yai mbali mbali, hivi kwamba huhitaji kukaribia nyuzi 80 ndipo zishikane, na mayai yakiwa machache mno hazishikani kamwe. Kipande kikavu kilale dakika mbili hadi tatu kila upande katika sinia pana. Upana huo si jambo dogo: katika filamu ya Marekani ya mwaka 1979, Kramer vs. Kramer, baba aliyeachiwa mtoto anajaribu kupika tosti hii kwa kuukunja mkate ili uingie katika kikombe chenye mayai, na fujo yote ya asubuhi ile inaanzia kwenye chombo kibaya.

Moto ndio unaowashinda wengi, kwa sababu tosti iliyojazwa inadai mambo mawili yanayopingana. Nje inataka joto kali, kwa kuwa rangi ya dhahabu na harufu yake hutokana na mmenyuko ulioelezwa mwaka 1912 na Mfaransa Louis-Camille Maillard, ambamo sukari na viasili vya protini huungana kwa kasi joto linapopita kiasi cha nyuzi 140, na joto hilo halifikiwi juu ya kitu chenye maji hadi maji ya usoni yawe yamekwisha kuruka. Ndani inataka subira, kwa kuwa joto lazima lipite katika mkate uliolowa na rojo baridi kabla mayai ya katikati hayajaganda. Mamlaka za usalama wa chakula za Marekani huelekeza kwamba vyakula vya mayai vifikie nyuzi 71 ndani. Mpishi anayetafuta yote mawili kwenye kikaango kimoja atapata nje nyeusi na ndani mbichi. Utaratibu wa busara ni kukaanga kwa samli, ambayo haina zile chembe za maziwa zinazoungua ndani ya siagi, kwa moto wa wastani dakika tatu kila upande, kisha kuhamishia vipande katika tanuri la nyuzi 180 kwa dakika kumi. Pasipo tanuri, kikaango hufunikwa na moto ukapunguzwa kabisa. Na kwa mwenye jiko la mkaa iko njia ya pwani ya kupalia makaa juu ya mfuniko, ambayo ni tanuri kwa maana zote isipokuwa jina.

Desturi ya kuula mlo huu saa nne au saa tano za asubuhi ya Jumapili ina mtetezi wake katika maandishi: mwaka 1895 Mwingereza Guy Beringer alichapisha makala ya kutetea mlo mmoja wa kati ya asubuhi na adhuhuri, akiwahurumia hasa waliochelewa kulala usiku wa Jumamosi. Wamarekani waliipokea desturi hiyo kwa moyo mkunjufu, na kwa wasiotaka kusimama mbele ya kikaango asubuhi wakatengeneza njia ya sinia: vipande vya mkate, jibini na matunda hupangwa usiku, hutiwa mayai na maziwa, hulazwa ndani ya friji, na asubuhi huokwa kwa dakika 45. Njia hiyo ni rahisi na inalisha watu wengi, ila inapoteza ganda la nje, na tosti isiyo na ganda ni pudingi ya mkate iliyobadilishwa jina. Watu wa Hong Kong wameelekea upande wa pili: tosti yao hujazwa siagi ya karanga na kukaangwa katika mafuta mengi, ganda likawa ndilo kila kitu.

Juu yake Wamarekani humimina shira ya utomvu wa miti ya mepo, ambayo lita moja yake hupatikana kwa kuchemsha takriban lita 40 za utomvu, na ambayo sehemu yake kubwa duniani hutoka jimbo la Quebec nchini Kanada. Juu ya tosti ambayo tayari ina matunda yaliyotiwa sukari, shira ni ziada isiyo na hoja. Vipande vya tunda bichi na maji ya ndimu huutuliza utamu vizuri zaidi. Na hapa pia ndipo mahali pa embe. Dodo au boribo lililoiva barabara halina linachokipata kwa kuchemshwa sufuriani, kwa hiyo likatwe na kuliwa pembeni, na ujazo uwe wa ndizi.

Vipande vilivyobaki huweza kukaa ndani ya friji siku mbili, na hupashwa katika kikaango kikavu chenye mfuniko, si katika maikrowevu, ambayo huyageuza maji ya ndani kuwa mvuke na kulilowesha ganda. Yote haya, hata hivyo, huamuliwa kabla ya jiko kuwashwa. Msikilizaji anayekusudia kuipika tosti hii asubuhi ya Jumamosi anunue mkate wake Alhamisi, na amwombe muuzaji asiukate.